Nani atalipa Januari? Jibu kwa wakulima wa Lushoto wanaotaka kuuza mboga moja kwa moja mjini

Swali: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha wakulima 34, wengi wetu kina mama, hapa Lushoto upande wa Lukozi. Tunalima karoti, kabichi, viazi, njegere na hoho kidogo. Dalali anakuja mpaka shambani, anataka lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na bei anapanga yeye. Ndugu zetu walioko Dar wanatuambia karoti hizo hizo wananunua kwa mafungu kwa bei ya kutisha. Tumekaa tukaona tuanzishe kapu: kila wiki tupeleke mboga moja kwa moja kwa familia za mjini, mkulima apate haki yake na mlaji apate nafuu. Tuanzie wapi? Tusajili ushirika kwanza? Na huyu dalali tumfanyeje, maana wenzetu watatu wameshachukua fedha yake ya msimu?

Jibu: Marahaba, dada. Umeuliza mengi kwa pamoja, nami sitayajibu kwa mpangilio wako. Naanza na dalali, kwa sababu kapu lenu litasimama au litaanguka kutegemea mnavyomwelewa mtu huyu.

Anayekuja Lukozi mara nyingi si mwenye fedha. Fedha ni ya tajiri aliyeko Dar au Tanga, yeye anakula kwa kila gunia analompatia. Lakini tazameni kazi anazofanya. Anakusanya kilo mia mbili kwa huyu na mia tano kwa yule mpaka fuso linajaa. Anamjua dereva anayeweza kushuka zile kona za Soni mpaka Mombo usiku, na mzigo ukafika. Anajua nani ataupokea sokoni alfajiri. Karoti zikioza njiani, haji kuwadai. Na lililo kubwa: Januari, sare na michango ya shule vikibisha hodi na karoti bado ziko ardhini, yeye ana laki mbili mfukoni na haombi hati ya shamba wala mdhamini.

Bei yenu inapangwa siku hiyo. Siku ya kuvuna ni kutekeleza tu. Aliyetoa fedha kabla ya mavuno ndiye mwenye neno la mwisho, awe dalali, awe chama, awe mlaji. Watu wa Kagera wana butura, kahawa inauzwa ingali maua mtini. Kusini kuna kangomba kwenye korosho. Serikali imepambana na biashara hizi miaka mingi, kwa makatazo, misako na adhabu, na kila msimu zinarudi, kwa sababu shida ya nyumbani haisubiri mnada. Simu za mkononi zimefika karibu kila kijiji, bei za Kariakoo mnazijua siku hiyo hiyo, na bado mnauza chini. Taarifa mnazo. Mnachokosa ni uwezo wa kusema "subiri".

Kwa hiyo nikisoma kwamba mnataka kumkwepa dalali, jambo la kwanza ninalotaka kulijua ni nani atalipa Januari. Kama kapu lenu ni la "tukuletee mboga, ukipokea utalipa", mtakuwa mmechukua kazi zake zote ngumu, gari, uozo, wateja wasiopokea simu, na mmemwachia ile moja inayompa nguvu.

Wenzetu wa nchi nyingine walioanzisha makapu walilijua hili. Japani, tangu miaka ya 1970, kina mama wa mijini waliohofia mabaki ya viuatilifu walifanya mapatano ya moja kwa moja na wakulima, mpango wanaouita teikei: familia zinachukua kinachovunwa, mwaka mzuri na mwaka mbaya. Ufaransa tangu 2001 kuna vyama vya namna hiyo viitwavyo AMAP, ambapo mlaji anaingia mkataba wa msimu na kulipia mapema. Mvua ya mawe ikipiga kabichi, kapu linapungua na mlaji anavumilia. Yaani hatari ya shamba wanagawana. Hicho ndicho kiini cha kapu, zile mboga zilizopangwa vizuri kwenye picha ni pambo.

Tatizo letu ni kwamba mtu wa Tandika anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kulipia msimu mzima. Anayeweza ni mtu wa Masaki au Mikocheni, mwenye friji na mshahara wa mwezi. Ndiyo maana makapu mengi ya mboga mjini yameishia huko, yanauzwa kwa jina la afya, na bei yake inazidi ya gengeni. Sina ugomvi na biashara hiyo. Kama mnataka fedha tu, pelekeni huko, pelekeni na hotelini, na muongeze spinachi na lettusi. Ila wewe umeandika kwamba mlaji naye apate nafuu, na ndugu zako waliolalamika nadhani hawakai Masaki. Basi sikilizeni pendekezo langu: msitafute familia moja moja. Tafuteni VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa.

Dar imejaa vikundi hivi. Wanachama kwa kawaida ni kama 25 mpaka 30, wamegawanywa watano watano wanaodhaminiana, wanakutana kila wiki siku ileile, mahali palepale, na wana sanduku la fedha na daftari. Kila kitu ambacho kapu linakihitaji na ambacho nyinyi mngetumia mwaka mzima kukijenga, wao wanacho tayari: kuaminiana, siku, mahali, fedha taslimu na adhabu kwa anayechelewesha. Na ndugu zenu wanaowapigia simu kulalamika kuhusu bei, wengi wao ni wanachama humo. Huo ndio mlango wenu.

Mpango uwe hivi. Kikoba kinakopesha wanachama wake fedha ya mboga za mwezi mmoja, kwa masharti yao ya kawaida, na kinawatumia nyinyi jumla yote kabla. Mwanachama anarejesha kidogo kidogo kila wiki kwenye kikao chake. Nyinyi mnapeleka mzigo siku ya kikao, gunia moja kwa kila kundi la watano, wagawane wenyewe kwa mizani yao. Hamfungi vifurushi, hamzunguki mitaani na bodaboda, hamfuati deni la mtu mmoja aliyehamia Mbagala.

Tuweke tarakimu za mfano, mbadilishe kwa hali yenu. Vikoba vitatu vya watu 30 ni familia 90. Kila familia ichukue kilo 6 kwa wiki, mchanganyiko wa karoti, kabichi, viazi na njegere, kwa wastani wa shilingi 1,000 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa wiki, 24,000 kwa wiki nne. Kwa familia 90 ni shilingi 2,160,000 zinazoingia kwenye akaunti yenu kabla hamjang'oa karoti hata moja. Sehemu yake inatosha kuwakopesha wanachama wachache laki mbili mbili, Januari ileile, bila mtu kumwita dalali, na iliyobaki iwalipe wanaoleta mzigo.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Familia 90 kwa kilo 6 ni kilo 540 kwa wiki. Mgawane watu 34, ni kama kilo 16 kwa kila mmoja. Kilo kumi na sita! Nusu ya bustani ya nyuma ya nyumba. Mazao yenu mengi yataendelea kwenda kwa dalali mwaka huu na mwakani pia, hivyo msimtukane bado. Faida ya kapu mwanzoni ni kuwapa akiba ya Januari na bei ya kulinganishia. Mtu anayejua kwamba wiki hii kilo zake 16 zimeuzwa kwa bei fulani hazungumzi na dalali kwa sauti ileile ya zamani.

Bei ya kapu ipangeni kwa msimu, msifuate Kariakoo kila asubuhi. Tuseme karoti shambani ni 500 kwa kilo na kwa mafungu mjini inafika 1,600. Gharama zenu kwa kilo, usafiri 150, magunia na upakiaji 60, kitakachoharibika 90, msimamizi na simu 100, jumla 400. Mkulima akilipwa 750 na kikundi kikaweka akiba 100, kilo inafika kwa mlaji kwa 1,250. Mkulima ameongeza nusu ya bei yake, mlaji amepunguza zaidi ya humusi. Tarakimu hizi mziandike ukutani ofisini na mzitume kwa vikoba pia, kila mstari. Mlaji akiona kwamba kati ya 1,250 yake 750 inamfikia mkulima, hatawasumbua siku karoti zikiwa fupi. Akificha mtu mstari mmoja tu, mmekuwa madalali wengine.

Usafiri ndio utakaowatesa. Kilo 540 hazijazi hata canter, na kukodi gari zima kwa mzigo huo kutakula kila kitu nilichokiandika hapo juu. Mna njia mbili: kupakia kwenye basi la Lushoto na Dar, ambalo ni ghali kwa kilo lakini lina ratiba, au kukodi nafasi kwenye fuso lilelile analojaza dalali. Ndiyo, lilelile. Mlipeni nafasi ya magunia yenu kama abiria wengine. Madalali wengi watakubali, kwa kuwa gari lisilojaa linawauma wao kuliko linavyowauma nyinyi, na shusheni mzigo wenu mahali mlipokubaliana na dereva kabla gari halijaingia sokoni, maana sokoni kuna wapagazi, ushuru na watu wa kuuchambua mzigo wa mtu.

Nije kwenye lumbesa, ambayo naona ndiyo imewaudhi zaidi. Gunia la kilo 100 likiwekewa kilemba likafika 140 na likanunuliwa kwa 60,000, mmedhani mmeuza kwa 600 kwa kilo kumbe mmeuza kwa 429 hivi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imekataza jambo hili, Wakala wa Vipimo wanalipigia kelele kila mwaka, na kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100. Mnayajua hayo yote. Lakini kuna kitu hakisemwi kwenye mikutano. Mkimlazimisha dalali apime kilo 100 kamili kesho, keshokutwa atawapa 43,000 badala ya 60,000, na hamtakuwa mmepata kitu. Ubaya wa lumbesa unazidi zile kilo 40. Unaua ulinganisho. Gunia la Lukozi si gunia la Soni, na gunia la Soni halifanani na la Kariakoo, hivyo hakuna mtu yeyote, awe mkulima au mlaji, anayeweza kusema bei yangu ni hii na yako ni ile. Dalali peke yake ndiye anayejua kilo.

Na lumbesa ina baba yake. Ushuru ukitozwa kwa gunia, ubebaji kwa gunia, nauli kwa gunia, kila mwenye akili atalifanya gunia liwe kubwa. Polisi wa barabarani na mzani wa njiani hawawezi kulimaliza hilo. Litamalizwa na halmashauri itakayotoza ushuru kwa kilo na dereva atakayetoza nauli kwa kilo. Hilo la kwanza mpelekeeni diwani wenu, kwa maandishi, likiwa na saini 34. La pili lianzeni wenyewe kesho.

Nunueni mizani ya kuning'iniza, mwiteni mtu wa Wakala wa Vipimo aihakiki na kuipiga chapa, na muirudishe kuhakikiwa kila mwaka. Iwekeni mahali pa wazi, kila mwanakijiji aruhusiwe kupima, mwanachama na asiye mwanachama, anayeuza kwenu na anayeuza kwa dalali. Andikeni kilo na bei ubaoni. Kama mna uwezo wa nauli, tumeni watu wawili wakaone masoko ya jumla yaliyoanzishwa kwa juhudi za MVIWATA, ule mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanza 1993. Kibaigwa kule Kongwa ni la nafaka, halifanani na hali yenu. Nyandira, huko Mgeta kwenye milima ya Uluguru, ndiko kwenye ndugu zenu hasa: mlima, ukungu, kabichi, karoti na barabara mbaya. Wafanyabiashara hawakufukuzwa huko. Walikaribishwa wote mahali pamoja, na wakulima wakapata wanunuzi zaidi ya mmoja wa kuzungumza nao. Ukiwa na wanunuzi watano hadharani, dalali anabaki mpiga kazi, utawala unakwisha.

Sasa jambo linaloua vikundi vingi kuliko wizi: kuuza pembeni. Wiki ya tatu ya Ramadhani au siku za kuelekea Krismasi, bei sokoni itapanda juu ya bei yenu ya msimu. Mwanachama mwenye ahadi ya kilo 16 atamwona dalali na noti mkononi, na kikoba cha Temeke kitapokea gunia lenye nusu. Msihubiri uaminifu, pangeni mambo yasiyomsukuma mtu ukutani. Kwanza, kila mmoja aahidi sehemu ndogo tu ya shamba lake, robo kwa mfano, ili na yeye afaidi bei ya juu kwa iliyobaki. Pili, mlipeni siku anapoleta mzigo, hapo kwenye mizani, kwa kuwa fedha ya vikoba mnayo tayari. Malipo ya "wiki ijayo" ndiyo yanayomrudisha mtu kwa dalali. Tatu, asiyeleta bila sababu ya msingi atoke kwenye orodha ya mkopo wa Januari unaofuata. Adhabu hiyo inaeleweka kwa kila mtu na haihitaji mgambo.

Ili kilo 540 zipatikane kila wiki, msipande siku moja. Karoti inataka miezi mitatu hadi minne tangu mbegu, kwa hiyo gawanyeni wanachama makundi manne, kila kundi lipande wiki tatu hadi nne baada ya lile la mbele, wenye maji ya mfereji wabebe miezi ya kiangazi. Kalenda hiyo itungwe na wenye mashamba. Bwana shamba akae pembeni ashauri. Wazee wenu wa Mlalo wanakumbuka mpango wa matuta wa wakoloni wa miaka ya 1940 na 1950, ulivyolazimishwa toka juu na ulivyokufa kwa kukataliwa na Wasambaa wenyewe, ingawa mmomonyoko wa udongo ulikuwa tatizo la kweli.

Kuhusu mzigo wenyewe sitasema sana, nyinyi ndio wakulima. Vuneni alfajiri, wekeni kivulini, kateni majani ya karoti palepale kwa sababu yanaendelea kunyonya maji ya mzizi. Viazi msivioshe, na visikae juani vikawa kijani, hiyo ni sumu. Njegere ziende kwenye maganda. Karoti zinazooshwa mtoni chini ya mahali watu wanapofulia zinapendeza macho na zinabeba magonjwa, bora ziende na vumbi lake. Hoho na mboga za majani ziacheni nje ya kapu msimu wa kwanza, labda mpate makreti ya plastiki. Ndani ya gunia, chini ya viazi, zinafika uji.

Dawa za wadudu ni suala jingine, na walaji watawauliza. Msiandike "haina dawa" kama mnapiga dawa. Semeni mnachofanya: dawa gani, na mlisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna kama lebo inavyotaka. Kama baadhi yenu wanataka kuhamia kilimo hai, kuna uhakiki shirikishi ambao wakulima wanakaguana wenyewe kwa utaratibu uliokubalika, bila kumlipa mkaguzi kutoka nje, na vikundi vya Morogoro vilivyolelewa na shirika la SAT (Sustainable Agriculture Tanzania) vimeutumia kuuza kwa alama ya Kilimo Hai. Ni kazi ya miaka, msiifunge pamoja na kapu.

Kuna jambo hukuliuliza ila naliweka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa walikuwa 57, Njombe na Rukwa 50. Mikoa inayolisha nchi! Sababu ni nyingi, maji, magonjwa, mzigo wa kazi wa mama, lakini mojawapo kila mtu wa nyanda za juu anaijua: chakula kizuri kinapakiwa kwenye gari na nyumbani kunabaki ugali na majani. Kikundi cha kina mama kikianza kuhesabu kilo kwa ajili ya Dar, kiandike pia kilo za nyumbani, kabla ya zote. Halafu tembeleeni shule ya msingi iliyo karibu. Wazazi wanachangia chakula cha mchana, kamati inanunua maharage na mahindi, mara nyingi kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini aliyeyanunua kijijini hapo hapo miezi minne nyuma. Kama mnalima maharage pia, yakihifadhiwa kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa yanaweza kuuzwa hapo bila gari, bila Kariakoo, na watoto wakayala. Kwa maoni yangu hilo ni rahisi kuliko kapu, na ningelianza mapema zaidi.

Wale watatu wenye fedha ya dalali: wamalizane naye. Karoti za msimu huu ni zake, kwa makubaliano waliyoyafanya, hata kama yanauma. Kikundi kikianza kwa kumsaidia mtu kukimbia deni, dalali atawatangaza kwa madereva wote, na lile fuso mnalotaka kukodi nafasi halitawapakia. Mnachoweza kudai kwa niaba yao ni kupima. Deni la laki mbili lipimwe kwa kilo mbele ya mizani yenu, na likiisha liandikwe limeisha. Majina yao yaingie kwenye orodha ya kapu kuanzia mbegu za msimu unaofuata, na wao ndio wawe wa kwanza kufikiriwa kwenye mkopo wa Januari, maana msipofanya hivyo watarudi kulekule.

La mwisho ni usajili. Msikimbilie ushirika. Nchi hii ina ushirika wa kale na wenye heshima, KNCU ya Kilimanjaro ni ya 1933, lakini ina kumbukumbu mbaya pia: vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982, na kwenye mazao kama korosho na pamba wakulima wengi wamekaa miezi wakisubiri malipo ya pili huku makato yakiongezeka. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, ni chombo kizuri kwa kikundi chenye mzigo mkubwa na vitabu safi. Nyinyi mna kilo 540 kwa wiki. Jisajilini kwanza kama kikundi, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, mkiwa na katiba fupi, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki. Cheti hicho kinaweza kuwafungulia pia mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ingawa nashauri mwaka wa kwanza msiuchukue, hata ukiwa karibu.

Fedha za vikoba ziingie kwa lipa namba ya kikundi, kamwe zisiingie kwenye simu ya mwenyekiti. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Mwenye mizani asiwe mwenye daftari. Ushuru wa mazao ulizeni halmashauri ofisini, mpewe kiwango kwa maandishi: mwaka 2017 Serikali iliushusha kwa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2 na kuwaondolea wanaosafirisha chini ya tani moja, na mzigo wenu wa wiki uko chini ya hapo. Ombeni barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja jina la kikundi, kilo na mahali mzigo unakokwenda, dereva aibebe kila safari ili geti lisiwe na la kuuliza. Vikoba vikifika kumi na mzigo ukapita tani, hapo nendeni kwa ofisa ushirika wa wilaya mkiwa na madaftari ya misimu miwili mkononi.